UZI: Pampu ya sumaku haivuji, lakini tumbo lake la nyuma halimwagiki lote

Fundi Mashariki

Assalamu alaykum jamani.

Naandika nikiwa bado na uchungu. Wiki iliyopita niliitwa hoteli moja huku pwani ya mashariki ya Unguja kumalizia kazi ambayo kijana mwenzetu aliianza, ikampeleka hospitali. Pampu yenyewe ni ya sumaku, mwili wa plastiki, mota ya robo tatu kilowati. Kazi yake ni kuhamisha maji ya klorini ya asilimia 12 kutoka tangi la lita 1,000 kwenda tangi dogo la matumizi ya siku.

Kijana alizima swichi, akafunga valvu mbili, akafungua kizibo cha chini, akangoja mpaka ndoo ikaacha kudondokewa. Akajua pampu ni tupu. Akalegeza bolti, akatoa kifuniko cha mbele, ndani pakavu. Akaishika impela, lile gurudumu la mapanga linalosukuma kemikali, kwa mikono miwili akavuta. Ikagoma. Akavuta kwa nguvu zaidi, ikachomoka kwa mkupuo, na klorini iliyokuwa imekaa nyuma yake ikamrukia usoni.

Hakuwa na miwani. Fulana yake ya buluu nimeikuta imetundikwa nyuma ya chumba cha mitambo, kifua kizima kina mabaka meupe, na kola imekuwa nyepesi kama karatasi ya sigara. Jicho la kulia limesalimika, alhamdulillahi, kwa sababu mpishi mmoja alimburura mpaka kwenye bomba la bustani, akamkandamiza kichwa chini ya maji karibu nusu saa, mtoto wa watu analia anataka kuachiwa.

Kijana yule si mzembe. Alifanya kila kitu ambacho pampu ya kawaida inataka. Hakuna aliyemwambia kwamba pampu ya sumaku ina tumbo la nyuma, na tumbo lile halimwagiki lote kwa kizibo cha chini. Basi mie nawaambia hapa, na nyote mnaofanya kazi hizi kwenye mahoteli, visima na viwanda vidogo naomba muongeze mnachokijua.

Kwa asiyeijua: pampu ya kawaida shafti ya mota inapenya hadi ndani ya mwili wa pampu, na pale inapopenya pana sili, kizibo cha kuzuia uvujaji. Sili ikichoka, inavuja. Pampu ya sumaku haina tundu hilo. Mota inazungusha sumaku ya nje yenye umbo la kikombe. Ndani ya kikombe limeingia kopo lililozibwa kabisa, na ndani ya kopo kuna sumaku ya pili, imevikwa plastiki na kushikamana na impela. Ya nje ikizunguka, ya ndani inaifuata ng'ambo ya ukuta wa kopo bila kugusana. Impela inazunguka kwa bushi, bomba fupi lililo katikati yake, juu ya shafti ya kauri ambayo yenyewe imesimama.

Sasa hapo ndipo penye siri yote. Bushi ile haina grisi. Grisi yake ni hiyo hiyo kemikali inayosukumwa. Sehemu ndogo ya kemikali inazungushwa nyuma, inapita baina ya sumaku na kopo, inapoza, inalainisha, inarudi mbele. Ndiyo maana pampu hii ikienda kavu inakufa, na ndiyo maana ukiifungua unakuta kemikali mahali ambapo macho hayafiki: humo ndani ya kopo, ndilo tumbo la nyuma nililolitaja.

---

Fundi Mashariki

Naendelea. Hivi ndivyo ninavyoifungua mie, ikiwa ya klorini.

Kabla ya kuzima chochote, kama laini ina njia ya maji matamu, naifungulia, naiacha pampu iende na maji dakika tano hadi kumi, na yanayotoka nayakinga kwenye tangi. Kusuuza pampu ikizunguka ndiko kunakofika nyuma ya sumaku, kwa sababu maji yanapita njia ile ile ya kemikali. Ukipiga mpira wa maji huku impela imesimama, umefagia ukumbi ukaacha vyumba. Na maji hayo msiyamwage karibu na kisima. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe yenye mashimo, unachomwaga asubuhi kinaweza kuwa ndani ya maji ya kunywa kabla hujasahau.

Baada ya hapo ndiyo umeme. Swichi ya ukutani haitoshi. Pampu nyingi za kuhamishia zinaendeshwa na floti: tangi la siku likishuka, kontakta, ile swichi inayojiwasha, inanasa yenyewe, haijali wewe umeingiza mkono wapi. Na hoteli zenye jenereta ya kujiwasha, umeme hurudi bila kubisha hodi. Nazima breka ya pampu hiyo, natia kufuli, ufunguo unakaa mfukoni mwangu, hautundikwi kwenye msumari wa ofisini. Halafu nabonyeza kitufe cha kuwashia nihakikishe kwamba kweli imekufa.

Valvu ya kutolea na ya kunyonyea nazifunga, na papo hapo nafungua koki ya kumwagia, kidogo kidogo, ndoo ya plastiki iko chini. Msiifungie klorini baina ya valvu mbili halafu mkaenda kula. Maji ya klorini yanavunjika yenyewe na kutoa gesi ya oksijeni, na joto la Kaskazi ndani ya chumba cha mabati linaongeza kasi. Gesi ikikosa pa kutokea, presha inapanda mpaka kitu kipasuke. Hata zile koki za mpini wa robo mzunguko zinanasa klorini kidogo ndani ya tufe, ule mpira wa ndani unaozunguka, kwa hiyo za kazi hii hutakiwa ziwe na kitundu kwenye tufe, nacho kielekee upande wa tangi. Ukinunua koki, uliza hilo kwanza.

Mavazi: miwani ya kuziba pande zote, ngao ya uso juu yake, glavu ndefu za mpira, aproni, gambuti. Suruali inakuwa nje ya gambuti, isichomekwe ndani, la sivyo kinachotiririka mguuni kinaishia kwenye kiatu na kukaa humo.

Sasa kufungua. Ikiwa muundo wa pampu yako unaruhusu, itenganishe mota na mwili wa pampu kwanza, mwili ukiwa bado umefungwa. Kosa lililomponza yule kijana ni hili: alivuta impela huku sumaku ya nje bado ipo nyuma inaivuta upande wa pili. Lazima igome, lazima ikiachia iachie kwa mkupuo. Mota ikishatoka, sumaku ya ndani haina tena mshindani, inatoka kwa mkono mmoja. Kisha nauinamisha mwili ndani ya beseni, mdomo chini, uso wangu pembeni, nauacha udondoke. Hata baada ya kusuuza, hutoka kiasi cha kikombe cha kahawa. Natia maji, natikisa, namwaga, mara tatu au nne. Hapo ndipo naigusa impela, na naitoa ikiwa imenyooka, siipindi, kwa sababu shafti ya kauri haina mzaha: inavumilia msuguano miaka, lakini ukiibana kwa pembeni inakatika kama chaki.

Wakati wa kutenga mota vidole visiwe baina. Pampu kubwa zina matundu mawili ya bolti za kusukumia, zitumieni, kazeni moja nusu mzunguko kisha nyengine, mpaka mvuto uachie. Wakati wa kurudisha ndiyo hatari zaidi: mota inavutwa kwa ghafla sentimita chache za mwisho. Nimeshaona kucha ikiondoka hivyo.

---

Bi Maabara

Ahsante fundi, na kijana mpeni pole. Mimi napima maji, nina mawili.

La kwanza ni la kupima kama pampu imesuuzika. Wengi mnatumia vidonge vya bwawa vinavyogeuza maji kuwa ya waridi. Jihadharini. Klorini ikiwa nyingi sana, inaiunguza ile rangi yenyewe, maji yanabaki meupe, na wewe unasoma sifuri. Nimeona mtu akishika chupa nyeupe anasema "safi hii", na ndani mna klorini ya kumpofua. Maji ya kusuuzia yapunguzeni kwanza: chukua kipimo kimoja, changanya na vipimo tisini na tisa vya maji safi, ndiyo utie kidonge. Mkiona rangi ya waridi inachipuka na kupotea mara moja, hiyo ndiyo dalili ya klorini kuwa nyingi mno.

La pili, na hili nalisema kila ninapopata nafasi: asidi na klorini visikutane. Hoteli nyingi zina pampu mbili kwenye chumba kimoja, ya klorini na ya asidi ya kushushia pH ya bwawa, na zinafanana kama pacha. Mtu anafungua zote mbili siku moja, anamwagia ndoo moja, au anatumia beseni moja. Inatoka gesi ya klorini, rangi ya kijani cha manjano, nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujaa vyumba vya chini. Ukiwa umeinama kwenye pampu, wewe ndiye wa kwanza kuivuta. Ndoo za rangi mbili, mabeseni mawili, siku mbili tofauti. Na klorini iliyomwagika msiipooze kwa asidi wala siki wala ndimu. Maji mengi, au thiosulfeti ile ya kuondolea klorini. Magadi soda ni ya kupoozea asidi iliyomwagika, si klorini.

---

Nungwi77

Shukran kwa uzi. Ila mbona mnatisha sana? Sie huku pampu ikienda kavu tunaimwagia maji ya baridi juu na ndani, inapoa, tunaendelea. Na jichoni maziwa yanasaidia sana, bibi yangu alikuwa akitumia.

---

Fundi Mashariki

Nungwi77 ndugu yangu, yote mawili hapana, na naomba usiyarudie.

Jicho ni maji tu, yanayotiririka, dakika kumi na tano kwa uchache na zaidi ni bora, kope zimefunguliwa kwa vidole, kisha hospitali hata kama maumivu yamekwisha. Maziwa unayapoteza muda kuyatafuta, na muda ule kemikali inakula. Ndimu ndiyo usithubutu kabisa, Bi Maabara kashaeleza.

La pampu kavu, nikueleze niliyoyaona kwa macho yangu. Hoteli nyengine, umeme ulikatika jioni, tangi kubwa likawa limebaki chini ya mdomo wa kunyonyea na hakuna aliyejua. Umeme ukarudi saa tisa usiku, floti ikaita, pampu ikaanza kuzunguka bila tone. Saa kumi na moja mlinzi akasikia mlio kama wa kijiko kinachosuguliwa kwenye sahani. Akafanya jambo aliloliona la busara: akafungulia tangi la akiba, klorini ya ubaridi wa asubuhi ikaingia ndani ya pampu iliyowaka. Nilipofika nikaitikisa pampu sikioni, ikacheza kama njuga. Shafti ya kauri ilikuwa vipande vitatu, kopo limeyeyuka pete moja nzima kwa ndani, limebaki nyembamba kama ganda la kitunguu.

Kauri inavumilia joto. Isilolivumilia ni joto na baridi kukutana kwa ghafla. Pampu ikienda kavu, zima, usitie chochote, iache ipoe yenyewe saa nzima au zaidi, kisha uifungue uitazame kabla ya kuirudisha kazini. Usiseme "inafanya kazi". Kopo lililoyeyuka nusu linafanya kazi mpaka siku linapotoboka, na likitoboka kemikali yote inaingia kwenye kikombe cha sumaku na mota.

---

Umeme Tu

Nimependa hapo pa umeme kurudi usiku. Naongeza langu la fezi, zile waya tatu za moto zinazolisha mota.

Wenye umri wanakumbuka Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa gizani miezi mitatu kwa sababu ya waya wa baharini kuharibika. Kila mwenye uwezo alinunua jenereta, na nyingi ziliunganishwa kwa haraka haraka. Mpaka leo nakuta hoteli ambazo mpangilio wa fezi wa jenereta na wa gridi hauko sawa. Kwa umeme wa gridi mota inazunguka kulia, kwa jenereta inazunguka kushoto. Pampu hizi zikizunguka kinyume hazisimami, zinaendelea kutoa, ila dhaifu, na tangi linajaa polepole. Mwenye hoteli anadhani pampu imechoka, fundi anaifungua bure, na kuifungua bure ndiko kunakoleta majeraha ya aina ya yule kijana.

Kabla hujashika spana, angalia mshale kwenye mwili wa pampu, halafu angalia feni ya nyuma ya mota inapomalizikia kusimama. Fanya hivyo kwa gridi na kwa jenereta. Pampu iwe imejaa wakati wa kujaribu. Ikiwa kinyume, badilishana nafasi za waya mbili za fezi upande wa chanzo kilicho kinyume, gridi au jenereta, kazi imekwisha.

Na kinga ya kukauka: wengi mnafunga rilei, kifaa cha kukata umeme chenyewe, ya kupima ampea. Kwa mota ndogo haisaidii sana, kwa sababu ampea za mota isiyo na mzigo hazishuki vya kutosha. Tafuteni rilei inayopima nguvu yenyewe, kilowati. Pampu ikikauka au sumaku zikiachana, kilowati zinaanguka waziwazi, rilei inakata ndani ya sekunde. Bei yake ukiilinganisha na kopo, shafti, bushi na nauli ya boti ya kwenda Dar kuvitafuta, haifiki nusu.

---

Kijana wa Mkoani

Assalamu alaykum, mie niko Pemba, kiwanda kidogo cha sabuni. Pampu yetu ya sumaku ni ya soda kali. Mota inazunguka vizuri, haipigi kelele mbaya, lakini mara soda haiji. Tukizima na kuwasha inakuja dakika chache, inaacha tena. Mwaka jana haikuwa hivi. Kilichobadilika ni kuwa zamani tulikuwa tunayeyusha soda wenyewe kwa asilimia 25, sasa tunanunua ya maji iliyo tayari, asilimia 50. Je sumaku zimekufa?

---

Fundi Mashariki

Yakhe, jibu umeshalitoa mwenyewe katika sentensi ya mwisho.

Lita moja ya soda ya asilimia 25 ina uzito wa kilo 1.27 hivi. Ya asilimia 50 ni kilo 1.53, na juu ya uzito ni nzito kwa kumiminika, inavutika kama shira. Impela ile ile, mzunguko ule ule, mzigo umepanda kwa moja ya tano kwa uzito peke yake. Mshiko wa sumaku una kikomo. Mzigo ukivuka kikomo, sumaku ya ndani inaachia: ya nje inaendelea kuzunguka na mota, ya ndani inabaki inatetemeka mahali pamoja. Na zikishaachana hazishikani tena mota ikizunguka, mpaka usimamishe. Ndiyo maana mkizima na kuwasha inarudi.

Msiiache iende hivyo. Sumaku zinapokimbizana bila kushikana zinapata joto, na joto linazidhoofisha moja kwa moja, hasa zile za neodimiamu ambazo aina zake za kawaida huanza kupoteza nguvu kwenye nyuzi 80. Mkiendelea, mtakuwa na pampu isiyoweza hata asilimia 25.

Kwanza hakikisha hakuna kilichonasa ndani, impela izunguke kwa mkono. Ikiwa huru, dawa ni moja ya mbili: impela yenye kipenyo kidogo, au pampu yenye sumaku ya nguvu zaidi na mota ya kuilingana. Impela ndogo itapunguza presha, angalia kama bado inafika kwenye sufuria yenu. Ya tatu, kama nafasi ipo, endeleeni kuipunguza soda kabla ya kuipampu, mkijua kuwa soda kali ikikutana na maji inatoa joto kali: soda ndiyo inamiminwa kwenye maji, taratibu, si maji kwenye soda.

Na ukifungua, soda ni adui wa aina nyengine. Asidi inakuuma hapo hapo ukaruka. Soda inakula kimya kimya, haipigi kelele. Utahisi vidole vinateleza, laini, kama umeshika sabuni. Ile ni ngozi yako inayogeuka sabuni. Ukihisi utelezi ndani ya glavu, acha kila kitu ukimbilie maji, usingoje maumivu. Jicho kwa soda ni baya kuliko kwa asidi, kwa sababu inaendelea kuzama.

---

Mzee wa Stoo

Mimi si fundi, natunza vipuri hoteli moja. Nimewekewa kifaa cha moyo miaka miwili sasa. Vijana wananiletea sumaku hizi stoo niziweke rafu. Daktari alisema kaa mbali na sumaku, lakini hizi zimefungwa kwenye boksi, zina tatizo?

---

Fundi Mashariki

Mzee wangu, shikamoo. Usizishike na usizikaribie, hata zikiwa ndani ya boksi. Kadibodi haizuii sumaku. Waambie vijana waziweke wenyewe kabati la mbali, waandike kwa herufi kubwa, na siku ya kufungua pampu wewe kaa nje ya chumba. Hilo si la hiari, vitabu vya pampu hizi vinalikataza kwa mtu mwenye kifaa cha moyo. Na umuulize daktari wako umbali anaoutaka yeye kwa kifaa chako.

Kwa vijana: sumaku ikikaa, iwe na ubao baina yake na chuma chochote, na isikae pamoja na sumaku nyengine. Kadi ya benki, simu na saa ziacheni nje. Kazi ifanyeni juu ya meza ya mbao iliyofutwa. Vumbi la chuma kutoka kwenye mashine ya kusaga linarukia sumaku na halitoki kwa kitambaa, litoeni kwa utepe wa gundi, bandika na bandua. Likibaki juu ya sumaku ya nje linakwangua kopo kwa nyuma, na kopo ndilo kitu pekee baina yenu na kemikali.

---

Nungwi77

Nimekusikia fundi, la maziwa nimeliacha. Swali: bushi gani nzuri? Niliambiwa ya kaboni inavumilia kukauka.

---

Fundi Mashariki

Umeambiwa kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyoniumiza mie. Baada ya ile pampu ya usiku kupasuka shafti, niliagiza bushi ya kaboni nikijua ikienda kavu kwa muda mfupi itastahimili. Nikaifunga kwenye klorini. Baada ya miezi michache tangi la siku likaanza kuwa na masizi meusi, na pampu inatetemeka. Nilipofungua, bushi ilikuwa imeliwa, tundu limekuwa la yai. Klorini inaila kaboni. Niliwatia watu hasara kwa kuchagua bushi kwa kuangalia hatari moja nikasahau kemikali yenyewe. Niliwalipa bushi mpya kwa fedha yangu, na tangu hapo siagizi kipuri bila kuuliza kinapita nini.

Kwa klorini tumieni bushi ya kauri au ya silikoni kabaidi, au ya teflon ambayo inachakaa haraka zaidi. Zote hizo hazitaki kukauka, kwa hiyo rilei ya Umeme Tu inarudi palepale. Kwa soda kali silikoni kabaidi iwe ile safi iliyookwa, kwa sababu kuna aina ina silikoni huru ndani na soda inaitafuna. Oringi nazo, zile pete za kuzibia maungio: za mpira wa EPDM ni nzuri kwa soda, za mpira wa FKM soda kali inaziharibu. EPDM haitaki grisi ya petroli, inavimba, ilowesheni maji tu wakati wa kuivalisha. Na oringi iliyotoka haitumiki tena, hata ikionekana mpya. Imeshabanwa umbo la bapa.

Ukaguzi wenyewe mie naufanya kila miezi sita kwa klorini. Napima tundu la bushi na kipenyo cha shafti kwa kalipa, sehemu tatu. Kitabu cha pampu ninayoitumia kinasema tofauti ikifika milimita moja badilisha. Naipitisha kucha kwenye shafti: kucha ikinasa kwenye mfereji, shafti haifai hata kama kipimo ni kizuri. Plastiki ya sumaku ya ndani naitazama kama imevimba au ina ufa. Ikivimba, kemikali imeshaingia kwenye sumaku, na haitengenezeki. Kopo nalitia tochi kwa ndani, alama za duara zinakuambia kitu kinagusa.

Na msisahau mota. Hewa yetu ya chumvi inaua beringi za mota kabla ya kitu chengine chochote. Beringi ikilegea, sumaku ya nje inacheza na kugusa kopo kwa nyuma. Mtu atakuambia pampu haina sili, haina matengenezo. Mota ina beringi mbili, na hizo zinataka kusikilizwa kila wiki.

---

Kijana wa Mkoani

Fundi, nimefungua leo kama ulivyoeleza. Mota kwanza, kisha beseni. Kilitoka kikombe kizima na nusu, na kizibo kilikuwa wazi tangu jana. Mwenzangu alikuwa ameshaanza kuvua miwani, nikamzuia. Impela iko huru. Shafti 13.9, bushi 14.6. Oringi ilikuwa imekatika vipande, nyeusi, haina hata alama ya aina. Tumeamua kupunguza soda hadi 30 huku tukingoja impela ndogo.

---

Fundi Mashariki

Alhamdulillahi. Tofauti yako ni 0.7, bado ina muda, lakini agiza bushi pamoja na impela usilipe nauli mara mbili. Waambie oringi ya EPDM, na uwatumie picha ya kibati cha pampu, siyo cha mota peke yake.

Wakati wa kufunga, bolti zikaze kwa kuvuka, ya juu kushoto kisha ya chini kulia, kidogo kidogo, kwa kipimo cha kitabu. Plastiki haikazwi kama chuma. Jaza maji safi kwanza, acha dakika kumi uangalie unyevu kwenye maungio, ndiyo umrudishie mwenye ufunguo breka yake. Valvu ya kunyonyea wazi kabisa, ya kutolea kidogo, washa, kisha fungua taratibu. Kesho asubuhi ikiwa imesimama na imepoa, pitia bolti tena, kwa sababu plastiki inalegea ikishapata joto mara ya kwanza.

Yule kijana wetu karudi nyumbani juzi. Anasema anaona vizuri, ila jua bado linamchoma. Kaniomba nikienda kumaliza ile pampu ya hoteli nimchukue, aione inavyofunguliwa.